Kiambishi cha Mgeni: Uhakiki wa Maeneo ya Majina ya Sifa katika Ualamishaji wa Matini za Kiswahili kwa XML

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kanuni moja ya Pendekezo la W3C la mwaka 1999 kuhusu maeneo ya majina katika XML, yaani kanuni kwamba sifa isiyo na kiambishi awali haimo katika eneo lolote la majina, hata pale elementi inayoibeba imo. Kwa kutumia mifano kutoka katika ualamishaji wa tenzi na wa ngeli za nomino, makala yanadai kuwa eneo la majina la sifa halikusudiwi kuzuia mgongano wa majina tu. Kazi yake kubwa ni kuonyesha nani mwenye mamlaka juu ya maana ya sifa inapokaa kwenye elementi ya mwingine. Inaonyeshwa pia kwamba mazoea ya kiisimu ya kufikiri kwa upatanisho wa kisarufi huweza kumpotosha mwanaisimu wa Kiswahili, na kwamba lawama kwa upotofu huo haimwangukii yeye peke yake.

1.0 Utangulizi

XML ilipopitishwa na W3C tarehe 10 Februari 1998, ilimpa mwalamishaji uhuru wa kubuni majina ya elementi na ya sifa kadiri ya mahitaji ya matini yake. Uhuru huo ndio ulioleta tatizo. Mtaalamu wa arudhi na mhariri wa miswada wanaweza kutumia jina moja, tuseme `aina`, kwa mambo yasiyohusiana: kwa wa kwanza likataja aina ya bahari ya utenzi, kwa wa pili likataja aina ya karatasi. Faili zao zikiunganishwa, programu haina namna ya kujua kwamba hayo ni majina mawili yaliyovaa umbo moja. Pendekezo la tarehe 14 Januari 1999, lililohaririwa na Tim Bray, Dave Hollander na Andrew Layman, lililenga tatizo hilo: jina hufungamanishwa na anwani ya URI, na kiambishi awali kifupi husimama badala ya anwani hiyo katika matini.

Kwa upande wa elementi, suluhisho hilo limekubalika bila ubishi mwingi. Kwa upande wa sifa, mambo si mepesi hivyo, na maelezo yanayotolewa kwa wanafunzi wa uzamili wanaoingia katika ualamishaji wa matini mara nyingi huishia kwenye sentensi moja: "maeneo ya majina huzuia mgongano." Sentensi hiyo si ya uongo. Lakini anayeishia hapo hataweza kueleza kwa nini sifa nyingi zilizo katika faili nzuri za XML hazina kiambishi chochote na bado hazigongani.

2.0 Kanuni na kiambatisho kilichofutwa

Ichukuliwe kwamba mradi wa kuhariri tenzi umebuni msamiati wake na kuufungamanisha na anwani moja kwa njia mbili, yaani kama eneo chaguo-msingi lisilohitaji kiambishi na kwa kiambishi `u`:

`<utenzi xmlns="http://example.org/ushairi" xmlns:u="http://example.org/ushairi">`
`<kipande mizani="8" u:mizani="8">…</kipande>`
`</utenzi>`

Elementi `kipande` haina kiambishi, lakini imo katika eneo la ushairi kwa sababu tamko la chaguo-msingi limeifikia. Msomaji wa kawaida angetarajia `mizani` nayo iwe imefikiwa na tamko hilo, na kwa hiyo `mizani` na `u:mizani` ziwe jina moja lililorudiwa, jambo ambalo XML hairuhusu. Sivyo. Kichanganuzi huipokea elementi hii bila lalamiko, kwa kuwa tamko la chaguo-msingi haligusi sifa. `mizani` haina eneo la majina, `u:mizani` inalo, basi ni sifa mbili. Kosa lingetokea pale tu viambishi viwili tofauti, tuseme `u` na `v`, vingefungamanishwa na anwani hiyohiyo na vyote viwili kutumiwa mbele ya `mizani` katika elementi moja.

Kwa nini kanuni iwe hivyo? Matini ya mwaka 1999 ilikuwa na kiambatisho, kisicho na nguvu ya kanuni, kilichoeleza muundo wa ndani wa eneo la majina. Kiambatisho hicho kiligawa eneo katika sehemu tatu: majina ya elementi, majina ya sifa za jumla, na majina ya sifa ambazo kila moja inamilikiwa na elementi yake. Kwa mgawanyo huo, `mizani` isiyo na kiambishi si jina la yatima. Ni jina la ndani ya nyumba ya `kipande`, na anayetaka kujua maana yake huiuliza `kipande`. `u:mizani` ni sifa ya jumla, inayoweza kukaa kwenye elementi yoyote na kubaki na maana ileile.

Toleo la pili la Pendekezo, la mwaka 2006, lilikifuta kiambatisho hicho. Kilichobaki ni maelezo mafupi kwamba tafsiri ya sifa isiyo na kiambishi huamuliwa na elementi inayoibeba. Kufutwa huko kunaweza kutetewa, kwa kuwa sehemu zile tatu hazikuwa na kazi katika programu na ziliwafanya watu wadhani eneo la majina ni ghala lenye vyumba. Hata hivyo, hasara yake ni kubwa kuliko faida. Mahali pekee ambapo msomaji angekutana na sababu ya kanuni, mbali na kanuni yenyewe, paliondolewa na hapakuwekwa kitu. Msomaji wa toleo la tatu, la mwaka 2009, anaambiwa kwamba sifa hiyo haina eneo, na ni rahisi kwake kusikia kwamba haina mwenyewe.

3.0 Mtego wa upatanisho

Istilahi nayo ina lake katika mkanganyiko huu. Kinachotangulia nukta pacha katika `u:mizani` huitwa kiambishi awali, na mwanaisimu wa Kiswahili hawezi kulisikia neno hilo bila kukumbuka ngeli. Katika *kitabu kizuri kimepotea*, nomino hueneza kiambishi chake hadi kwenye kivumishi na kitenzi. Nomino ndiyo yenye ngeli, na vilivyo chini yake huvaa sare yake. Aliyelelewa katika sarufi hiyo, akiona eneo chaguo-msingi limetangazwa kwenye elementi ya juu na kurithiwa na elementi zote zilizomo ndani, ataona ni jambo la kawaida kabisa kwamba sifa za elementi hizo zimerithi pia. Ataandika kanuni ya kutafuta sifa hizo kwa kiambishi, na programu haitampa kitu.

Mlinganisho unaofaa zaidi umo katika Kiswahili hichohicho, ila si pale unapotafutwa kwanza. Vivumishi kama *safi*, *ghali*, *rahisi* na *hodari* havichukui kiambishi cha upatanisho: *kitabu ghali*, *nyumba ghali*, *magari ghali*. Hakuna msemaji anayeuliza *ghali* ni ya ngeli gani, wala anayedai kwamba kwa kukosa kiambishi kivumishi hicho kinaelea hewani. Nafasi yake kando ya nomino inatosha kumfahamisha msikilizaji kinahusu nini. Sifa isiyo na kiambishi katika XML iko katika hali hiyo. Imefungwa na mahali ilipo, ndani ya lebo ya kufungulia ya elementi fulani, na haiwezi kusimama popote pengine. Elementi, kinyume chake, inaweza kuhamishwa ikawekwa ndani ya elementi nyingine yoyote, na kwa hiyo inahitaji jina linalojitosheleza.

Mlinganisho huo nao una mpaka. *Ghali* hubaki na maana moja iwe kwenye kitabu au kwenye nyumba, ilhali sifa `n` kwenye elementi ya ubeti na sifa `n` kwenye elementi ya ukurasa zinaweza kuwa na kanuni tofauti kabisa za kuhesabu. Inafaa kuutumia darasani kwa dakika tano za kwanza, kisha kuuacha.

4.0 Sifa inapokuwa mgeni

Basi kiambishi kwenye sifa ni cha nini? Jibu lililo wazi kuliko yote limo katika XSLT 1.0 ya Novemba 1999, lugha ya kugeuza matini za XML, na inashangaza kwamba vitabu vya mafunzo hulipita. Katika XSLT, elementi `xsl:stylesheet` huchukua sifa `version` bila kiambishi. Elementi imo katika eneo la XSLT, na sifa ni ya nyumbani. Lakini XSLT inaruhusu pia elementi za msamiati mwingine, tuseme za HTML, ziandikwe moja kwa moja ndani yake na kupelekwa kwenye matokeo. Ikiwa XSLT inataka kuipa elementi ya namna hiyo agizo, sifa ileile huandikwa `xsl:version`. Hali ni hiyohiyo kwa `use-attribute-sets`: tupu kwenye elementi za XSLT, `xsl:use-attribute-sets` kwenye elementi za wengine. Maana haikubadilika. Kilichobadilika ni mwenye nyumba, na kiambishi kinamwambia msomaji kwamba sifa hii imekuja kutoka kwingine, na kwamba maelezo yake yatafutwe huko ilikotoka.

Mgeni anayejulikana zaidi kwa waalamishaji wa matini ni `xml:lang`. Kiambishi `xml` kimefungamanishwa na anwani yake daima bila kuhitaji tamko, na sifa hiyo inaweza kukaa kwenye elementi ya msamiati wowote unaoiruhusu, ikataja lugha ya yaliyomo, ya thamani za sifa nyingine za elementi hiyo, na ya elementi zote zilizo ndani yake hadi pale itakapobadilishwa. Kwa matini za Kiswahili, umuhimu wake hauhitaji kutiwa chumvi. Miswada ya tenzi iliyohifadhiwa SOAS, London, na katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa hati ya Kiarabu. Hati hiyo, kwa desturi yake ya zamani, haikutofautisha *e* na *i* wala *o* na *u*, na mara nyingi haikuandika nazali iliyo mbele ya konsonanti. Neno moja la mswada linaweza kusomwa *penda* au *pinda*. Mhariri anayeweka matini ya hati ya Kiarabu na unukuzi wa Kilatini ubavu kwa ubavu anahitaji kusema, kwa namna ambayo programu yoyote itaelewa, kwamba hii ni `sw-Arab` na ile ni `sw-Latn`. Akitaka kutaja lahaja, anaweza kuandika `sw-Arab-x-kiamu`, ambapo kinachofuata `x` ni makubaliano ya mradi wake.

Historia ya mwongozo wa TEI inaonyesha kilichopatikana. Katika toleo la P4 la mwaka 2002, sifa ilikuwa `lang`, isiyo na kiambishi, na thamani yake ilikuwa kielekezi tu kwenye elementi iliyo katika kichwa cha faili, ambako lugha ilielezwa. Programu isiyoijua TEI haikuweza kufahamu chochote. Toleo la P5 la mwaka 2007 liliacha `lang` na kuchukua `xml:lang`, na liliacha `id` na kuchukua `xml:id`, iliyokuwa imepitishwa na W3C Septemba 2005. Wako waliouona mgeuzo huo kuwa wa kuongeza herufi nne. Lakini katika mgeuzo huo TEI iliachia mamlaka yake juu ya maana ya sifa mbili na kukubali zitawaliwe na kanuni za pamoja. Sifa nyingine zote za TEI, kama `met` na `rhyme` ambazo mhariri wa tenzi huzitumia kwa mizani na vina, zilibaki bila kiambishi kwa sababu hakuna aliyezidai isipokuwa TEI yenyewe.

5.0 Ngeli ya 3 ni ipi?

Hatari halisi huonekana pale mradi unapoongeza sifa yake juu ya elementi ya TEI. Uchukuliwe mfano wa kubuni wa hifadhi mbili za matini. Zote mbili hutumia elementi `w` ya TEI kwa neno, na zote mbili zimeongeza sifa `ngeli`. Hifadhi ya kwanza inafuata hesabu iliyotokana na Bleek na Meinhof, ambamo umoja na wingi huhesabiwa mbalimbali: *mtu* ni 1, *watu* 2, *mti* 3, *miti* 4, na *kitabu* 7. Hifadhi ya pili inafuata jedwali linalohesabu umoja na wingi kwa pamoja, ambamo namba 3 huangukia KI-VI au LI-YA kutegemea mpangilio wa mwandishi wa sarufi. Zote zimeandika `<w ngeli="3">`.

Faili zikiunganishwa, hakuna kichanganuzi kitakachopiga kelele. Majina ni sahihi, thamani ni sahihi, skima iliyolegezwa huzikubali. Mtafiti wa uzamili anayehesabu kutokea kwa ngeli katika matini hizo atapata takwimu safi, ataziweka katika jedwali, na *mti* na *kitabu* zitakuwa zimehesabiwa pamoja. Kosa la namna hiyo halionekani kwa kusoma tasnifu; huonekana kwa kurudi kwenye faili, na ni wachache wanaorudi.

Mwongozo wa TEI unataka sifa zinazoongezwa na mradi ziwekwe katika eneo la majina lisilo la TEI, na kisa hiki kinaonyesha sababu. Hifadhi ya kwanza ingeandika `bm:ngeli="3"`, ya pili `jz:ngeli="3"`, kila kiambishi kikiwa na anwani yake, na tofauti ingebaki hai baada ya kuunganishwa. Elementi moja ingeweza hata kubeba zote mbili, mtafiti akalinganisha mifumo ya ngeli juu ya matini moja. Hilo haliwezekani kabisa kwa sifa tupu, kwa kuwa elementi haibebi sifa mbili zenye jina lilelile.

Wako watakaosema kwamba haja hiyo inatimizwa na sifa `msd` ya TEI, iliyokusudiwa taarifa za kimofolojia, bila kubuni jina jipya. Pingamizi hilo lina uzito, na kwa mradi mdogo huenda likawa njia bora. Lakini halitatui mgongano. Huuhamisha kutoka kwenye jina kwenda kwenye thamani. `msd="3"` ina utata uleule wa `ngeli="3"`, na maeneo ya majina hayatawali thamani za sifa. Anayechagua njia hiyo analazimika kuandika mfumo ndani ya thamani yenyewe na kutumaini kwamba kila mtumiaji atausoma.

Kuna upande wa pili wa suala hili ambao hautajwi vya kutosha. Swali la XPath `//@ngeli` hutafuta sifa isiyo na eneo la majina, wala haligusi `bm:ngeli`. Mradi unaoamua katikati ya kazi kuongeza kiambishi bila kusahihisha maswali yake ya zamani utapata sifuri pale ulipokuwa unapata maelfu, tena bila ujumbe wa kosa. Sifuri huenda ikagunduliwa mapema. Kinachoogopesha zaidi ni faili nusu zilizobadilishwa na nusu zilizoachwa, kwa sababu hapo jibu ni namba inayoaminika.

6.0 Viambishi vilivyozidi

Kutokana na hayo, mtu anaweza kuhitimisha kwamba usalama uko katika kuweka kiambishi kwenye kila sifa. Hitimisho hilo ni baya karibu sawa na lile la kutoweka kabisa. Mara nyingine hata halitokani na fikra, bali na skima: sifa ikitangazwa katika ngazi ya juu ya skima ya W3C yenye eneo lake lengwa, matini hulazimika kuiandika kwa kiambishi, na mwandishi wa skima aliyepanga matamko yake kwa unadhifu tu hujikuta amezigeuza sifa za nyumbani kuwa za jumla. Faili hujaa `u:mizani`, `u:vina`, `u:namba` kwenye elementi za eneo lilelile la ushairi, na kiambishi hakimwambii msomaji chochote asichokijua.

Mfano mashuhuri wa kuzidisha ni XLink, iliyopitishwa Juni 2001, ambayo ilijenga viungo kwa sifa za jumla: elementi yoyote ingekuwa kiungo kwa kuvaa `xlink:href`. Wazo lilipendeza hadi mwaka 2002, wabunifu wa XHTML 2.0 walipolikataa. Moja ya hoja zao ilikuwa ya kisarufi zaidi kuliko ya kiufundi. Elementi ya picha ina viungo viwili, kimoja cha picha yenyewe na kingine cha maelezo yake marefu, na sifa ya jumla yenye jina moja haiwezi kutokea mara mbili kwenye elementi moja. Sifa za nyumbani, `src` na `longdesc`, zilieleza uhusiano ambao mgeni mmoja hakuweza kuueleza. SVG, iliyokuwa imeikubali `xlink:href`, katika toleo lake la pili imerudi kwenye `href` tupu na kuiweka ile ya zamani kando.

HTML nayo ilichukua njia yake. Katika sintaksia yake isiyo ya XML, `xml:lang` haina athari yoyote katika kubainisha lugha. Kinachosomwa ni `lang`. Utenzi uliohaririwa kwa TEI ukigeuzwa kuwa ukurasa wa wavuti kwa kunakili sifa kama zilivyo, alama zote za `sw-Arab` zitakuwepo katika faili na hazitasomwa na kivinjari. Kanuni ya kugeuza lazima iandike `lang` waziwazi na, kwa hati ya Kiarabu, iongeze sifa ya mwelekeo wa maandishi.

Linabaki suala la anwani zenyewe. URI inayotambulisha eneo la majina si lazima ifungue ukurasa wowote. Ni jina, na jina hilo huendelea kutofautisha `bm:ngeli` na `jz:ngeli` hata tovuti ya mradi ikizimwa baada ya ufadhili kwisha. Lakini kutofautisha si kufasiri. Mtafiti atakayezifungua faili hizo miaka 20 baadaye atajua kwamba 3 hizi mbili ni tofauti bila kujua kila moja ni ipi, isipokuwa jedwali la ngeli lililofuatwa na kila mradi limeandikwa ndani ya kichwa cha faili ileile, mahali ambapo halitegemei tovuti ya mtu.